Kabla ya Kupanda Manga, Uliza Mtashuka Saa Ngapi

Posta hiyo umeiona. Imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp na stetasi za marafiki: vijana wanne wamekaa kwenye ukingo wa jabali, miguu inaning'inia hewani, nyuma yao mabonde ya kijani na mawingu. Chini pameandikwa tarehe, bei, namba ya kutuma pesa na maneno 'kujeni na vibe'. Wengine huandika hata rangi ya fulana. Kitu kimoja tu ndicho hakimo: saa ya kushuka.

Sisi wa ukurasa huu hatuna ugomvi na kupanda milima. Tunafurahi kuona vijana wa Kisii, Nyamira na hata Nairobi wakigundua kwamba huhitaji kwenda hadi Naivasha ili ujivunie mguu uliochoka. Ni raha ya bei nafuu, haina hangova, na ukifika juu ya Manga asubuhi iliyotakata, unaona nyanda za Kano na Ziwa Victoria likimeta kwa mbali. Nani atakunyima hiyo?

Ila kuna tofauti moja kubwa ambayo posta haikwambii. Ukienda Longonot, unapita kwenye lango la Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Unalipa, unaingia, njia inajulikana, na kuna watu wa kukuuliza uko wapi jioni ikifika. Manga si mbuga ya taifa. Unashuka kwenye bodaboda, unamwuliza mama anayeuza ndizi kando ya barabara, halafu unaanza kupanda katikati ya mahindi na majani chai. Kazi yote ambayo KWS hukufanyia Longonot, hapa ni yako.

Msimamo wetu basi ni huu: kwenye vilima vya Gusii, anza kupanga siku yako kwa saa ya kushuka. Mengine yote, yaani njia utakayochagua, viatu, chakula na watu wa kwenda nao, yafuate saa hiyo. Na anayepanga saa hiyo ni lile ziwa ulilokwenda kulipiga picha.

Ziwa linafanya nini mchana

Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita 68,800 mraba. Jua likichomoza, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupaa, na ile ya ziwani, iliyobeba unyevu mwingi, huvutwa kuja kujaza nafasi. Sasa tazama ramani. Ziwa liko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, mji wa Kisii uko karibu mita 1,700, na kilele cha Sameta kinakaribia mita 1,970. Upepo huo wa ziwani hauna pa kupita ila juu. Ukipanda unapoa, na huko juu hukutana na upepo unaovuma kutoka mashariki. Kufikia saa sita mchana unaanza kuona mawingu yanarundikana kama pamba. Kufikia saa nane au tisa, pamba imekuwa nyeusi.

Ndiyo sababu mvua ya Gusii hupenda kuja alasiri, na hupenda kuja na radi na mawe. Muulize mkulima yeyote wa chai kuhusu mvua ya mawe, atakuonyesha majani yaliyochanika. Jirani zetu wa Kericho waliteseka nayo kiasi kwamba katika miaka ya 1960 ilijaribiwa hata kurusha roketi mawinguni ili kupunguza uharibifu. Ikiwa watu walifikia kurushia mawingu roketi, wewe na fulana yako ya kikundi mtafanya nini mkikutwa juu ya jabali saa tisa?

Kwa kawaida Januari na Julai ndiyo miezi yenye unafuu. Mvua ndefu huanza kati ya Februari na Machi hadi Juni, na fupi huja Septemba hadi mwanzo wa Desemba. Lakini usitumie kalenda kama kinga. Hata mwezi mkavu huwa na alasiri yake mbaya. Siku moja kabla ya safari, soma utabiri wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, na asubuhi yenyewe muulize mwenyeji. Mzee aliyekaa miaka 60 chini ya kilima hicho anajua wingu lipi ni la kupita na lipi limekuja kulala.

Kwa hivyo hesabu yetu ni rahisi. Saa moja asubuhi mguu uwe njiani. Saa nne au tano uwe juu. Saa sita uwe umeanza kushuka, na saa nane uwe chini ukila. Mwenye kusema hilo linaharibu raha, tunamkumbusha kwamba ziwa lenyewe huonekana vizuri asubuhi, kabla ya ukungu na mawingu. Saa salama ndiyo hiyo hiyo saa ya picha kali.

Kenya imeshalipa bei ya kudharau mvua. Mnamo Aprili 2012, vijana 7 wa kundi la kanisa walikufa baada ya kusombwa na maji ya ghafla kwenye korongo la Hell's Gate. Mnamo Septemba 2019 korongo hilo hilo liliua watu 7 tena, akiwemo mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza. Na hiyo ni mbuga yenye lango na askari. Manga hakuna korongo la aina hiyo, ila kuna ukingo ulio wazi, udongo unaoteleza na radi. Somo ni moja: hali ya hewa inayokudhuru huanza kujipanga wakati wewe bado unacheka na kula biskuti.

Ukisikia ngurumo

Hili lichukue kama namba ya siri ya M-Pesa, likae kichwani. Ukiona mmweko wa radi, anza kuhesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Sauti husafiri karibu kilomita moja kwa kila sekunde tatu. Ukifika 30 au chini ya hapo, radi iko ndani ya kilomita 10, na wewe uko ndani ya eneo la hatari. Usimalizie video. Ondoka ukingoni na kileleni, shuka upande ulio salama, tafuta nyumba yenye kuta au gari lililofungwa. Kibanda cha mabati kisicho na kuta si kinga. Mti uliosimama peke yake ni mbaya zaidi, hata kama una kivuli kizuri. Msikumbatiane kama kuku wa mvua. Achaneni hatua kadhaa ili radi ikipiga isiwapate wote. Mwavuli uache nyumbani. Na baada ya ngurumo ya mwisho, ngojeni nusu saa kabla ya kurudi njiani.

Kuna wale wanaosema viatu vya raba huzuia radi. Radi imetoka mawinguni hadi ardhini. Soli ya raba haitaiambia irudi.

Chagua njia kwa mguu wako

Kosa la pili la posta ni kuuza kilima kimoja kwa watu wote. Yule anayekimbia kila asubuhi na yule anayepanda ngazi za afisi akihema wanatumiwa ujumbe mmoja. Gusii ina vilima vya kila mguu, na si lazima uanze na ule unaotrendi.

Kama hujawahi kupanda chochote, anza na Nyanchwa, kilima kinachoutazama mji wa Kisii. Uko karibu na nyumba, barabara na hospitali. Ukichoka, unarudi mjini bila mtu kujua. Panda mara mbili tatu, wikendi tofauti, ujue unatumia maji kiasi gani na kiatu kinakubana wapi.

Manga ni hatua ya pili. Ni ukingo mrefu wa mwamba kwenye mpaka wa Kisii na Nyamira, na upande mmoja unakatika ghafla. Ugumu wake mkubwa si pumzi. Ni kwamba juu panakufanya usahau. Watu hufika, upepo unawapiga usoni, simu zinatoka, na kila mmoja anataka kusogea kidogo zaidi ya mwenzake. Udongo mwekundu wa huku ukilowa huteleza kama sabuni, na nyasi hufunika mahali mwamba unapoishia. Kanuni ya kikundi iwe moja: hakuna anayekaribia ukingo akitembea kinyumenyume, na hakuna picha ya miguu kuning'inia. Picha nzuri hupigwa ukiwa umekaa hatua kadhaa ndani, jabali likiwa upande wako.

Sameta, kule Bobasi, ni ya wale waliokwisha zoea. Kiabonyoru, upande wa Borabu katika Nyamira, ni ya wanaopenda kutembea kirefu kuliko kukwea. Huko kwenye nyanda za juu za Kiabonyoru ndiko Mto Gucha huanzia, kisha ukazunguka Gusii na kwenda kumwaga maji yake ziwani upande wa Migori. Ukitaka siku yenye hadithi ndani yake, hiyo ni njia: unasimama mahali mto ni mdogo, ukijua mwisho wake ni lile ziwa unaloliona toka Manga.

Tabaka, nyumbani kwa mawe ya sabuni, inavutia pia. Lakini pale kuna machimbo, mengine ya zamani yaliyoachwa na kujaa maji. Usitembee bila mwenyeji, na usiingie shimoni kwa ajili ya picha.

Na kama moyo wako unataka kugusa maji yenyewe, vuka uende Homa Bay. Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la shimo la volkano, na si mbali kuna vilima vya Homa. Lakini usiende na mazoea ya Kisii. Huko ni chini, jua ni kali, na kivuli ni kidogo. Maji uliyozoea kubeba, ongeza nusu yake.

Begi na mwili

Vilima hivi si Mlima Kenya. Hautaugua kwa kukosa hewa. Watu huharibikiwa na vitu vidogo: kiatu, maji, usingizi na giza.

Viatu vyenye meno kwenye soli si lazima vitoke dukani. Nenda Daraja Mbili siku ya soko, kunja soli, tazama meno kama bado yapo, jaribu ukiwa na soksi nzito. Kisha vivae wiki nzima kabla ya safari. Kiatu kipya siku ya mlima ni adui yako. Beba lita mbili za maji, koti jepesi la mvua, nguo moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kitambaa cha kufungia jeraha, tochi hata kama unapanga kurudi mchana, na simu yenye chaji. Pakua ramani kabla ya kutoka, kwa sababu bando halisaidii mahali mtandao haupo. Hifadhi namba za dharura: 999 au 112, na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu.

Chakula? Uko Gusii, ndugu yangu. Ndizi mbivu, karanga, viazi vitamu vilivyochemshwa jana, mayai mawili. Vinashibisha kuliko krisps na soda, na pesa zinabaki kijijini.

Kwa wanaotoka Nairobi, tuseme ukweli. Ni karibu kilomita 300 kupitia Narok. Ukipanda gari la Ijumaa usiku, ukafika Kisii alfajiri macho mekundu, ukaanza kupanda saa tatu, tayari umechelewa na mwili umechoka. Njoo Ijumaa mchana, lala kwa shangazi au kwenye gesti, upande Jumamosi ukiwa mtu. Mwongozaji wa safari anayekubana yote kwa siku moja ili bei iwe chini, anakuuzia usingizi wako mwenyewe.

Na mwongozaji huyo aulizwe maswali kabla hujatuma pesa. Mko wangapi? Nani anatembea nyuma na yule wa polepole? Nani anajua huduma ya kwanza? Mwenyeji atakayewaongoza ni nani, na analipwa ngapi? Mkikutwa na mvua, mnapitia wapi? Wasichana wakija peke yao, wanarudije mjini? Asiyeweza kujibu hana safari. Ana posta tu.

Kilima kina wenyewe

Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 1,266,000 Kisii na zaidi ya 605,000 Nyamira, katika kaunti mbili ndogo kieneo. Maana yake ni kwamba huku hakuna mlima mtupu. Njia unayoiita ya kupanda milima ndiyo ya mama wa watu kwenda kuchota maji, na uwanja mliokaa kula ni shamba la mtu.

Kwa hivyo salimia. 'Bwakire' asubuhi, 'bwairire' jioni. Mwanamume wa umri wa babako mwite 'tata'. Mama mtu mzima anaitwa 'baba', usishtuke, ndivyo Ekegusii kilivyo. Omba ruhusa ya kupita. Usikanyage miche, usichume parachichi, usiache hata chupa moja. Manga pia kuna Ngoro ya Mwaga, shimo ambalo jamii imelihusisha na mizimu na tiba tangu zamani. Iwe unaamini au huamini, usitupe kitu mle wala kupiga kelele za TikTok. Muulize mzee kinachofaa na kisichofaa. Na mkodi kijana wa pale awaongoze, kwa pesa halali mliyokubaliana mapema. Yeye hana kazi kama wengi wetu, na anajua njia ambayo ramani yako haina.

Wapo watakaosema tunatia watu woga, kwamba nyanya zetu walipanda vilima hivi miguu mitupu na mkungu wa ndizi kichwani. Ni kweli. Lakini nyanya alijua kila jiwe, alitoka nyumbani alfajiri, na wingu likigeuka rangi alikuwa keshaingia kwenye nyumba ya watu. Hakuna nyanya aliyerudi nyuma hatua tatu ukingoni ili aonekane vizuri kwenye selfi. Tukitaka kumtaja, basi tumwige yote.

Kaunti nazo ziamke

Hatuwezi kuwabebesha vijana mzigo wote. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya utalii wa mashinani na bustani za burudani. Manga iko kwenye mpaka, na tunajua jinsi Kisii na Nyamira zilivyowahi kuvutana kuhusu mji wa Keroka na ushuru wake. Jabali lisiwe Keroka nyingine, ambapo kila upande unangoja mwenzake atumie pesa kwanza.

Tunachoomba si hoteli ya nyota tano. Ni vibao vinavyoonyesha njia na saa ya mwisho ya kuanza kupanda. Ni kizuizi mahali mwamba unapokatika. Ni banda moja imara lenye kuta na kikinga radi, ambapo watu 30 wanaweza kujificha. Ni orodha ya vijana wa pale waliofunzwa huduma ya kwanza, yenye namba zao za simu, ibandikwe stendi ya Kisii na ya Nyamira. Hayo hayahitaji mkopo wa nchi za nje. Yanahitaji maafisa wawili wa utalii, mmoja kila upande, wakutane juu ya jabali asubuhi moja na daftari.

Hadi hapo watakapokutana, wewe una simu na una mdomo. Posta nyingine ikifika wiki hii, usijibu kwanza kwa emoji ya moto. Andika swali moja kwenye kundi: 'Tunashuka saa ngapi?' Ukijibiwa 'tutaona huko juu', hiyo pesa yako nenda nayo Daraja Mbili, nunua kiatu kizuri, halafu jipange na marafiki watatu mwende Nyanchwa saa moja asubuhi. Manga itakungoja. Imekaa pale tangu kabla ya simu.